Kantri ya Kuamia Ndege

Jumatatu, 5 Mei
Sijamwambia mtu yeyote. Mimi ni mwimbaji wa muziki wa kantri. Tena mtunzi. Ile kofia ya pama ya baba inayotafutwa nyumba nzima ninayo mimi, shambani, nimeichomeka kwenye paa la dungu. Usimwambie mtu.

Tangu nimalize kidato cha nne kazi yangu ni kuamia ndege. Nakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti, navuta kamba ya makopo na kuwapigia kelele kwelea wasimalize mpunga wetu. Katikati ya kelele naimba. Hakuna anayeniangalia. Mbele ya watu sauti yangu hupotea. Hata shikamoo yangu watu huomba nirudie.

Jumatano, 7 Mei
Tatizo. Kwenye kantri za redioni lazima kuna mtu ameachwa. Mimi hajaniacha mtu kwa sababu hajaja mtu. Kwa hiyo nimetunga kuhusu treni iliyoniacha stesheni ya Mang'ula mwaka jana, nimebeba kuku wa bibi kwenye kapu. Beti mbili tayari. Kuku ataingia ubeti wa tatu. Nimelia kidogo. Wimbo mzuri.

Jumamosi, 10 Mei
Aibu. Baba alikuja shambani kimya kimya. Nilikuwa nimefumba macho, naimba taratibu, kwa hisia. Nilipofumbua, kwelea wametua kila mahali wanakula.

"Mwanangu, hawa ndege unawafukuza au unawakaribisha?"

Kofia nilikuwa nimeikalia. Hakuiona.

Kuanzia leo kila mwisho wa mstari napiga "Hoyaaa!" na kuvuta kamba. Inaharibu wimbo. Inaokoa mpunga.

Alhamisi, 15 Mei
Nimesikiwa. Baba mdogo Lino, anayepiga gitaa kwenye harusi, alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama mpaka nikamaliza. Nilitamani dungu lianguke.

"Hii sauti huwa unaificha wapi? Mimi ukinisalimia nasikia mbu."

Mwimbaji wake ameolewa, amehama. Anataka niimbe naye kigangoni, baada ya misa ya mavuno. Nikifaa, atamwomba mama nibaki niimbe naye. Nisipofaa, mpunga ukishavunwa nakwenda Kidatu kwa shangazi kujifunza cherehani. Sina ugomvi na cherehani. Ila ya shangazi iko barazani, na barazani wanapita watu.

Nimempa beti mbili. Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali.

Jumanne, 20 Mei
Balaa. Baba mdogo amekuwa akipitapita mtaani kwetu Mlabani anaimba beti zangu mbili na kuwaambia watu amezitunga binti wa kaka yake. Mama alikuwa dukani, kazisikia zote mbili. Aliporudi akafunga mlango wa jiko.

"Aliyekuacha Mang'ula ni nani?"
"Treni, mama."
"Huyo Treni ni mtoto wa nani?"

Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza sauti ilizidi kupotea, na kadiri ilivyopotea mama alizidi kuamini huyo Treni yupo. Mimi ambaye sijawahi kuongea na mvulana zaidi ya kumwomba rula. Sasa imeamuliwa: kigangoni niimbe, ila siku inayofuata baada ya misa ya mavuno, basi la kwanza, Kidatu.

Jumamosi, 14 Juni
Tumemaliza kuvuna. Kesho misa. Sina hamu ya kula. Tumefanya mazoezi nyuma ya nyumba ya Baba mdogo mbele ya mbuzi wake wawili. Sauti haikutoka. Mbuzi walikuwa wananiangalia.

Jumapili, 15 Juni
Niandike kabla sijasahau.

Baada ya misa watu walikaa uwanjani. Nyuma yangu kulikuwa na turubai la mpunga wa sadaka, na nyuma ya turubai mashamba. Baba mdogo akapiga gitaa. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Akaanza upya. Hakuna kitu. Mtu akacheka.

Nikawageuzia mgongo. Nikatoa kofia ya baba kwenye kapu nililokuja nalo, nikaivaa, nikaangalia mashamba. Sauti ikaja.

Kwenye ubeti wa pili shomoro wakashuka kwenye mpunga wa sadaka. Sikufikiri.

"Hoyaaa!"

Mkono ukavuta kamba ambayo haikuwepo. Shomoro wakaruka. Padri, aliyekaa karibu na turubai, naye akaruka kidogo. Nikajua nimekwisha. Nikaona basi, baraza, shangazi.

Kisha mama mmoja huko nyuma akaitikia, "Hoyaaa!" Wa pembeni yake naye. Halafu wote. Nani pale hajawahi kuamia ndege? Kila mwisho wa mstari uwanja mzima ulipiga kelele na kuvuta kamba zisizokuwepo. Wazee pia. Kwenye wimbo, ubeti wa tatu, kuku akatoa kichwa kapuni, treni ikaondoka bila sisi, na mama akaelewa kwamba Treni ni treni. Alicheka mpaka khanga ikamfunguka. Baba hakucheka. Alikuwa anaangalia kichwani kwangu.

Haya yote niliyaona kwa macho yangu. Maana yake nilikuwa nimegeuka. Sikumbuki niligeuka lini.

Jumanne, 17 Juni
Basi la Kidatu liliondoka jana bila mimi. Baba mdogo alikuja kuongea na mama, akakaa sana, akala mara mbili. Mama amesema sawa, cherehani itasubiri, ila nikienda kuimba harusini nirudi na Baba mdogo, siyo na Treni.

Jumapili jioni baba aliichukua kofia yake. Leo asubuhi nimeikuta imetundikwa kwenye msumari wa mlango wangu. Imefutwa vumbi. Yeye ametoka kichwa wazi.

Jioni nimekwenda shambani. Mabua matupu, dungu limeinama upande mmoja. Kwelea wamekwenda kwingine. Nimepanda, nimeimba taratibu, bila kelele, mpaka mwisho.

Kuhusu ile siri niliyokuambia siku ya kwanza. Ukitaka kusema, sema.