Pembe Nilizoziona Kilimani

Ipole, Sikonge

Dada yangu Mwanne,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Isevya, wewe na mwanao Shamimu na wajukuu, na lile goti liwe limekuacha angalau ukaswali kwa raha. Mimi huku mzima, ila uchovu tu, uchovu ambao hata nikilala hautoki. Herufi nimeziandika kubwa ili usihangaike kutafuta miwani. Najua utasema mbona sikupiga simu. Haya siwezi kuyasema huku nasikia unavyohema upande wa pili.

Dada, kazi hii ya kuwaongoza wawindaji wenye vibali naiweza, na anayebisha hajanikuta. Huku wananiita Darubini. Wenzangu wanatafuta tandala mzima, ndiyo maana hawamwoni. Mimi natafuta kipande: sikio linalofukuza nzi, ncha ya pembe, mistari myeupe ubavuni. Majike na ndama wao bondeni siwapotezei muda. Dume mzee hujitenga, hukaa juu kwenye mawe, upande wa kivuli, na asubuhi husogea kidogo kuota jua. Napeperusha jivu nijue upepo unakwenda wapi, kisha nakaa chini na kukipitia kilima jiwe kwa jiwe, kama unavyochambua mchele. Mwaka ule wa ukame nilikaa hapahapa Ipole nikamwona dume anapiga miayo kule Puge, mbali kupita hata huko kwako Isevya. Deus, dereva wetu, akauliza kama niliyaona na meno yake. Nikamjibu kwamba moja lilikuwa limeoza.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita tulipanda kilima na mgeni mmoja, mtu mpole. Nikaona pembe mbili ndefu zimesimama nyuma ya kichaka, na chini yake mwili mweusi. Nikamnong'oneza mgeni kwamba dume mzee yule pale. Akasema yeye haoni vizuri. Nikamwambia macho ya kwao yamezoea taa, aniamini mimi. Akaweka bunduki begani. Hapo ndipo upepo ukaniletea harufu ya moshi, na tandala hanuki moshi. Nikausukuma mtutu juu, risasi ikapita kwenye matawi, na mtu akapiga yowe kwa Kinyamwezi.

Alikuwa Sixbert mrina asali, na lile koti lake jeusi la kujikinga na nyuki, ameshika mti wenye panda anaoshushia mizinga. Alipotoka kichakani alisema kwamba hata mkewe hajawahi kumwona na pembe. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema nilikuwa nampima mgeni nione kama atapiga kitu asichokiona. Wote wakaniamini. Mgeni wa watu akaniomba radhi, dada. Akaniomba radhi mimi.

Sikuwa nampima mtu. Pembe zile niliziona kweli. Tangu masika naona ukungu, jicho la kulia ndilo lilitangulia, na la kushoto linalifuata. Siku hizi nabebwa na pua na masikio. Deus akisema yule pale, mimi nasema nimeshamwona kitambo. Na herufi hizi kubwa si kwa ajili yako. Jana Sixbert kaniletea kibuyu cha asali, eti shukrani kwa kumwokoa. Kipo hapa mezani, sijakigusa.

Kazi nimeaga. Hapa nimewaambia kwamba madume wa hadhi yangu wamekwisha, nawe ukiulizwa sema hivyohivyo. Nakuomba kile chumba cha uani. Na kama hospitali wanaweza kuyatibu macho haya, unipeleke wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Nisalimie Shamimu, na wajukuu uwaambie babu yao mdogo anakuja na asali na habari za tandala. Nikianza kuwasimulia, usinikatize.

Nitashuka na basi la Ijumaa. Ukiniona pale stendi, usinipungie mkono. Niite.

Ni mimi mdogo wako,
Awadhi