Kuuguza Si Utoro

Kabula, rafiki yangu,

Nimeanza na jina lako kwa sababu salamu zimenishinda. Nikuulize hujambo? Nikuambie mimi sijambo? Nitakuwa mwongo, na wewe uongo hukuupenda hata kwa mteja.

Mama yako yu hai. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza. Mkono wa kulia bado mzito, lakini maneno yamerudi kidogo. Juzi nilipomnywesha uji alisema "wabeja", asante ya kwetu, kisha akaniita kwa jina lako. Sikumsahihisha. Kaka zako, wale waliosimama kaburini wakaapa mbele ya mchungaji kwamba mama yuko mikononi mwao, walimweka Igoma na dada wa kazi. Dada alipoondoka, wakaacha kupokea simu. Basi nikamchukua, yuko kwangu Kiseke. Chumba ni kidogo ila tunabanana.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya kaka zako. Ndugu wa namna hiyo tuliwazoea. Nimeandika kwa ajili ya Mama Kulwa.

Unakumbuka tulivyoanza. Mama alipopatwa na kiharusi uliacha kuja sokoni ili umuuguze. Uliporudi ukakuta dagaa wa mtu mwingine wamemwagwa kwenye kizimba chako, meza yako ya kona. Msimamizi wa soko akakusomea kanuni: asiyeonekana kwa muda mrefu ni mtoro, na kizimba cha mtoro hugawiwa. "Lakini nilikuaga, nilikuambia mama anaumwa," ulimwambia. Akajibu kwamba anayeumwa ni mama, si wewe. Nilidhani utalia. Ukatandika turubai chini, juani, ukauzia hapo, na tulipokuwa tunafunga ukaniambia, "Minza, kanuni imeandikwa na mtu. Mtu anaweza kuifuta."

Tukaanza kuwauliza wenzetu, na kumbe hatukuwa peke yetu. Yule muuza sangara wa kukaanga alipoteza kizimba kwa kujifungua. Mwingine alikaa wodini na mtoto, akarudi hana pa kuweka hata beseni. Mama Kulwa alikuwa mkali kuliko sote. Na kwa nini asiwe mkali? Si ndiye uliyembebea pacha wake alipolazwa, Kulwa mgongoni, Doto kifuani, huku unauza? Tukamchagua awe msemaji wetu. Diwani naye alikuja wakati wa kampeni, akapiga picha ameushika mkono wa mama yako, akaahidi sheria ndogo itabadilishwa: anayejifungua au anayeuguza atunziwe kizimba chake, na soko liwe na chumba cha watoto. Ulipiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka.

Halafu ukaondoka. Presha. Nilikusihi ukapime, ukawa unasema, "Nikienda kupanga foleni, nani atabaki na mama?" Ukaanguka pale pale kwenye turubai lako, na hospitali tukafika na mwili.

Sasa sikia. Siku ya kikao cha madiwani tulijaa ukumbini, tukakaa nyuma. Yule diwani hakututazama hata mara moja. Wakamwita msemaji wa wanawake wa soko. Mama Kulwa akasimama, amevaa kitenge tulichoshona sare ya msiba wako. Sare ya msiba wako, Kabula! Akasema:

"Waheshimiwa, kuuguza ni baraka ya mwanamke, si jambo la kusumbua halmashauri. Wenzangu walikuwa na uchungu wa msiba. Tumeshaongea, hoja tunaiondoa."

Tumeongea na nani? Lini? Nikasimama. Nikasema, "Hilo hatukumtuma! Mwenzetu amekufa akiuguza." Nikaambiwa nikae chini, mimi si mjumbe.

Nje nilimshika mkono nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Minza, aliyekufa hali. Mimi nina watoto."

Haukupita muda tukaelewa. Amepewa kizimba chako, kile cha kona, na cha jirani yake juu. Anauzia hapo. Pacha wanacheza chini ya meza, wakiniona wananiita mama mdogo. Naitika. Wao wana kosa gani? Lakini macho yangu na ya mama yao hayajakutana tangu siku ile. Diwani simlilii sana, ahadi zake zilikuwa za kampeni. Huyu alikula nasi. Huyu alikuosha ulipokufa.

Nilitaka kuacha yote. Kisha Rhobi, yule binti wa Mara anayeuza kayabo, sangara wa chumvi, akajifungua kabla ya wakati, akabaki hospitali na kichanga chake. Nikajua kinachofuata. Hatukufanya mkutano. Mmoja wetu alipanga samaki wa Rhobi mezani akauza, kesho yake mwingine, na mimi zamu yangu nikaja na mama yako, nikamkalisha kivulini. Msimamizi alipokuja akauliza mwenye kizimba yuko wapi. Tukamjibu, "Yuko wodini ananyonyesha. Sisi ni mikono yake." Akatuzunguka, akatutisha, akaondoka. Rhobi aliporudi na mtoto kifuani alikuta meza yake ina samaki. Akaishika meza kwa mkono mmoja. Nami nilikuwa nakuwaza wewe na turubai.

Kanuni bado ipo, sikudanganyi. Ila sasa anayeuguza tunamshikia meza, na hoja tumeirudisha halmashauri. Safari hii hakuna msemaji. Tutaingia sote, na nitasema mimi.

Lala, Kabula. Mama yako hatakosa mtu wa kumgeuza ubavu maadamu nina mikono, na mlango ule wa halmashauri nitaugonga mpaka wachoke wao. Hayo nakuahidi. Kumsamehe Mama Kulwa sikuahidi. Hilo, hata ungeniomba wewe, sina.

Mwenzako,
Minza