Amplifaya Anayoisubiri Baba

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumanne, tarehe 9.

Kitindamimba wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili maana ni nyingi. U hali gani huko? Mgongo wako umetulia, au bado unanyanyua mizigo kama kijana wa miaka kumi na minane? Wifi yangu hajambo? Na wale wawili wangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Yule mkubwa mwambie picha aliyonichora nimeibandika dukani, juu ya rafu ya dawa za kikohozi. Wateja wanauliza kama ni mbuzi au ni mimi. Nawajibu ni shangazi mtu, na wanunue dawa waondoke.

Sisi huku tunapumua. Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Baba naye kimwili hajambo. Anakula, anatembea hadi kona na kurudi, anagombana na gazeti kana kwamba linamjibu. Ni hayo mengine yaliyonikalisha hapa na kalamu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kama watu wa kale na simu ipo. Simu yenyewe si unaijua? Ukipiga, Baba anataka iwekwe kwenye spika. Ukituma ujumbe, anausoma akiwa begani kwangu kabla sijaumaliza mwenyewe. Mke wa kinyozi wa hapa chini anasafiri Jumamosi kuja kwa binti yake huko kwenu, na barua hii atakukabidhi mkononi. Isome peke yako.

Jambo lenyewe ni hedifoni zile ulizomtumia Baba. Kila wiki unaniuliza kama zinahitaji amplifaya ya mezani kweli, na juzi umesema umeshaiona moja nzuri, unangoja neno langu tu uilipie. Ngoja kwanza, mdogo wangu. Nina mengi ya kukueleza kabla hujafika dukani.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu mambo yalipoharibika wewe ulikuwa na miaka minane na ulichojua ni kwamba Mjomba haji tena kwetu. Baba alirekodi mazungumzo na yule bibi mkunga aliyezalisha nusu ya mji huu, mimi na wewe tukiwemo. Yaliporushwa redioni, kulikuwa na mvumo wa umeme mwanzo hadi mwisho, bibi wa watu akasikika kama anaongea ndani ya pipa. Baada ya wiki mbili akafariki, kwa hiyo hakukuwa na kurudia. Wakubwa wakataka mtu wa kubeba lawama. Kosa lingeweza kutoka sehemu mbili tu: studio, ambako Baba ndiye aliyerekodi, au kwenye mtambo wa kurushia matangazo, ambako siku ile zamu ilikuwa ya Mjomba.

Baba aliapa kwamba kanda yake ilikuwa safi. Ikatafutwa, haikuonekana, wakasema imefutwa, maana siku zile kanda moja ilirekodiwa mara kumi. Basi ushahidi ukabaki neno la Baba. Mjomba akafukuzwa kazi, na miaka ishirini na miwili iliyofuata ameimaliza akitengeneza pasi na feni chini ya ngazi za soko. Baba akaendelea hadi kustaafu, wakampa saa ya ukutani. Mama yetu tulimzika huku Mjomba, kaka yake wa damu, amesimama ng'ambo ya barabara. Hilo ulikuwepo, uliliona kwa macho yako.

Sasa sikia. Mwaka huu redio walikuwa wanahamishia kanda zao za ghala kwenye kompyuta, na mama mmoja mtunza maktaba akaikuta ile ya mkunga. Kumbe haikufutwa! Akamletea Baba kwenye flashi, kwa nia njema, masikini, akidhani anamletea zawadi. Habari ikafika kwa Mjomba kupitia mdomo wangu huu usiokaa na kitu. Mjomba, mgonjwa vile, akasema hataki fidia wala kuombwa radhi. Alisema, "Shemeji asikilize, kisha aniambie alichosikia. Nitaliamini neno lake, kama wao walivyoliamini."

Baba alisikiliza mbele yangu kwa vispika vidogo vya kompyuta. Akapiga meza, "Safi! Nilisema mimi! Safi kabisa!" Nikaenda kumwambia Mjomba, naye akatabasamu tu. Akaniambia vispika vile havina kifua, mvumo wa umeme ni sauti nzito, haupiti humo hata kidogo. Akitaka kuujua ukweli, avae hedifoni nzuri. Ndipo nikakuomba, ndipo ukatuma.

Siku zilipofika Baba alizivaa, akafunga mlango wa chumba chake. Saa nzima. Alipotoka akasema sauti ni ndogo mno, kwamba hedifoni za namna hii zinataka amplifaya ya mezani, na bila amplifaya yeye hawezi kumhukumu mtu. Hiyo ni miezi minne sasa. Mjomba akiuliza, jibu ni amplifaya. Nikiuliza mimi, amplifaya. Na sisi tukaamini, maana Baba akizungumzia vyombo vya sauti, nani ambishie?

Jumapili alishuka kunyolewa. Nikaingia kufuta vumbi, nikaziona zimelala mezani, kompyuta iko wazi. Nikazivaa. Mdogo wangu, nilimsikia yule bibi kana kwamba amekaa kitandani pembeni yangu, anaeleza namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Kisha akanyamaza avute pumzi. Na hapo aliponyamaza, nikausikia. Uko chini ya kila kitu, mzito, haukatiki. Nikasogeza mbele, upo. Nikarudisha mwanzo kabisa, kabla bibi hajafungua mdomo, upo. Uko ndani ya kanda ya Baba. Mjomba hakuwa na kosa lolote.

Nikajiambia labda mzee hausikii, masikio yamechoka. Nikaangalia pale pa kuongeza sauti. Baba ameiweka robo. Robo! Sauti aliyosema ni ndogo mno, ameiacha robo, na mbele kuna nafasi tele. Nilipoipandisha hadi nusu nilizivua mbio.

Na masikio yake hayajachoka, usije ukajidanganya kama nilivyotaka kujidanganya mimi. Tangu hedifoni zifike, haivumilii friji. Ameketi chumbani kwake, mlango umefungwa, na anapaza sauti, "Zima friji hiyo, inavuma!" Maziwa yameniharibikia mara tatu. Nilidhani ni uzee.

Jana nikampitia fundi wa simu aliye mkabala na duka letu, nikamuuliza kama mjinga asiyejua kitu: eti hedifoni nzuri ni lazima ziwe na amplifaya? Akasema zipo zinazohitaji kweli, zile ngumu, ambazo ukizungusha sauti mpaka mwisho bado unatega sikio. Nikamwambia zangu zinaniumiza hata kabla ya kuvuka nusu. Akacheka, "Dada, basi amplifaya ya nini? Utanunua pambo la meza. Itakupa kilekile unachosikia, kwa kelele zaidi."

Kutoka hapo nikampelekea Mjomba dawa zake. Mimi ndiye ninayevihesabu vidonge, kwa hiyo sihitaji daktari aniambie mambo yanaelekea wapi. Mwezi uliopita alikuwa anakaa kitini. Sasa analala, na mkaza mjomba anamnywesha kwa kijiko. Akaniuliza, "Shemeji kasemaje?" Nikamwambia anasubiri amplifaya. Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Amplifaya! Kwa hedifoni!" Kisha akanitazama, akaniuliza taratibu, "Na wewe, mama, umesikiliza?"

Nilikuwa nalo mdomoni. Nakuapia, lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikamjibu, "Mimi si fundi, Mjomba."

Aligeuza uso ukutani, nikapanga chupa za dawa, nikaaga. Tangu jana roho inanisuta, sijui hata nimekula nini. Nilimlinda Baba? Niliogopa? Sijui. Nilichotaka ni Baba aseme mwenyewe, maana neno lile nikilisema mimi ni umbeya, likisemwa na Baba ni haki ya mtu. Hayo ndiyo niliyojiambia njiani. Mficha maradhi kifo humuumbua, wateja wangu nawaambia kila siku, halafu nyumbani kwangu mwenyewe nayaficha.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Usinunue ile amplifaya. Wewe ndiye Baba anayekusikiliza kwenye mambo ya vyombo, mimi kwake ni wa kupima homa. Mwandikie, kwa mkono wako, mstari mmoja tu: "Baba, nimeuliza wanaojua, hedifoni zinatosha." Usiongeze neno. Akishakosa pa kujificha, huenda akavaa viatu akaenda. Matumaini yangu ni madogo, sikufichi. Miaka ishirini na miwili si mchezo, la kuvunda halina ubani. Lakini Mjomba bado yuko.

Nitaimalizia kesho, mteja

Ijumaa, tarehe 12.

Nilikatizwa pale, na sikurudi tena hadi leo.

Habari za Mjomba umeshazipata kwa simu. Jumatano, saa nane mchana. Mkaza mjomba alikuwa amekwenda kuanika nguo, aliporudi amekwisha. Kwa hiyo ule mstari niliokuomba, usiuandike tena. Sikuifuta sehemu ya juu kwa sababu nataka ujue yote, na kwa sababu sina nguvu ya kuyaandika upya.

Hili lifuatalo halikuwezekana kwenye simu. Nilipomwambia Baba, alikuwa amesimama kwenye ngazi. Akasema, "Lini?" Nikamwambia sasa hivi. Akauliza tena, "Lini?" kana kwamba nimemtajia saa isiyokuwepo. Jana, siku ya mazishi, alivaa koti lake la kazini, lile la redio, akapiga viatu rangi, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Nikamwambia, "Baba, twende, gari inangoja." Akasema nitangulie, anakuja. Nilirudi saa kumi na moja jioni. Yuko kwenye kiti kilekile, koti limefungwa vifungo vyote.

Leo asubuhi nikiwa nawasha jiko, alikuja ameshika hedifoni mkononi. Alikuwa anakunja waya wake kama walivyokuwa wanakunja studio, duara juu ya duara, usijipinde. Ameukunja, ameufungua, ameukunja tena. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Mwandikie mdogo wako asisumbuke na ile amplifaya. Hizi zinatosha."

Nilishika meza. Miezi minne, Baba! Mtu amekaa miezi minne anasubiri maneno mawili hayo, na unakuja kunipa mimi? Nilitaka kupiga kelele jirani wasikie. Lakini ningemsuta kwa mdomo upi? Mjomba aliniuliza uso kwa uso, nami nikajifanya si fundi. Nikamwambia, "Sawa, Baba, nitamwandikia." Basi ndiyo hivi, nimekuandikia.

Kama pesa ya amplifaya umeshaitoa, mrudishie mwenye duka chombo chake, na akikataa mpe yeyote mwenye haja nayo. Hapa isifike.

Mkaza mjomba anakusalimu, anasema hana kinyongo na wewe, ulikuwa mtoto. Hakusema kuhusu mimi na sikumuuliza. Kinyozi na mkewe wanakusalimu. Nisalimie wifi, na wanangu uwabusu wote wawili, mdogo kwanza maana huwa analia akiwa wa pili. Baba hakuniambia nikusalimie, lakini nakusalimia kwa niaba yake. Tangu asubuhi ameketi hapa jikoni, nyuma yangu, karibu na friji. Inavuma, na hajaniomba niizime.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako. Na kama kuna mtu anangoja neno lako, mwambie leo.

Akupendaye daima, ingawa leo hajipendi sana,

Dada yako.