Mbavu Kumi na Mbili za Bawa la Kushoto

Lodwar, 4 Machi 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima na goti limepunguza maumivu. Mimi sijambo, ila joto la huku linanikaanga. Ndege ninazozitengeneza hazijalalamika, kwa hiyo nami nanyamaza.

Mzigo utaupokea kwa Gladys, ofisi ya mabasi, Malindi. Ni makopo mawili. Kubwa ni praima ya epoksi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, dogo ni dawa yake ya kukazia. Bawa la kulia la hiyo ndege unayoiunda bandani tulilipaka pamoja likizo iliyopita. Hii ni ya la kushoto. Kila kipande cha ndani kipakwe kabla hujalifunga, maana ukishalibana kwa misumari ya riveti hakuna jicho litakaloingia tena, na chumvi ya Gongoni unaijua kuliko mimi. Umeifanyia kazi miaka thelathini, na hata geti la kanisa imelila. Makopo usiyaweke chini ya mabati yakapikika. Tarehe ya mwisho iko kwenye kitako, Februari mwakani. Ikipita usipake, niambie nitume mengine, wala hakuna aibu.

La pili ni daftari la kazi. Mkaguzi wa ndege anataka kila hatua iandikwe, na shahidi mwenye leseni atie sahihi. Wewe na fomu najua hamwivi. Basi niandikie barua kama siku zote, useme umefanya nini, nami nitatia sahihi chini. Hizo barua ndizo daftari. Kwa simu yako hiyo ya kabambe, isiyo na kamera, hata picha hatuzipati, lakini neno lako lanitosha.

Mwanao,
Kahaso


Gongoni, 19 Aprili 2022

Kwako mama,

Marahaba, marahaba sana. Nakuita mama kwa kuwa jina la mamangu ndilo ulilolibeba, na ukinigombeza kuhusu makopo nasikia sauti yake hasa. Goti halijambo, lanisumbua nikiinama tu.

Jumamosi tulikuwa Kakuyuni, harusi ya binti wa ndugu yangu Kambi. Lewis, jirani yetu, ndiye aliyeshika kipaza sauti, na wamjua mdomo wake. Akanisimamisha: "Jamani, huyu ni Mzee Dena, mfuga kuku wa bati! Kuku ana miaka sita bandani, hata yai moja hajataga!" Watu walicheka mpaka bibi harusi akajificha ndani ya shela. Nami nilicheka. Yamepita hayo.

Makopo nimeyapokea, yako bandani. Kesho naanza kupaka.

Babako,
Dena


Gongoni, 8 Agosti 2022

Kwako mama,

Salamu nyingi. Hapa ni salama, hofu yangu ni kwako uliye mbali na bahari.

Mbavu za bawa la kushoto, vile vipande vya ndani, ni kumi na mbili, nawe wajua. Kila mmoja nausugua kwa msasa, naufuta kwa thina, kisha naupaka. Leo nimemaliza wa tisa. Rangi imekamata, ukiikwaruza kwa ukucha, ukucha ndio unaoumia. Sina haraka. Mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika kifuani.

Babako,
Dena


Lodwar, 2 Novemba 2022

Baba,

Shikamoo. Huku tu wazima, nakuombea nawe afya.

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chai. Pale pa ukucha walipiga meza kwa kucheka, na rubani wetu Cherop akasema fundi kama huyo atapanda ndege yake hata leo. Kila ukurasa nimetia sahihi na muhuri wa leseni yangu. Sikufichi baba, nilijisikia mtu mkubwa siku ile.

Ila hayo mahindi ya kifuani umeyapandia wapi, kwenye vidimbwi vya chumvi?

Mwanao,
Kahaso


Gongoni, 15 Januari 2023

Kwako mama,

Marahaba. Mahindi ni ya Kambi, nilipita kumsalimia. Mbavu zote kumi na mbili nimezimaliza. Kopo nalo limekwisha, nimelisuuza.

Babako,
Dena


Lodwar, 6 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo, tena shikamoo mbili! Mkaguzi, Bwana Musyoka, ameyasoma maandishi yetu yote. Anasema hajaona kazi iliyoelezwa vizuri namna ile, na kwa kuwa kila hatua ina sahihi ya mwenye leseni, bawa ulifunge. Mwezi wa tatu Cherop atakuja kuirusha ndege yako Malindi, na kiti cha pili ni changu. Usibishe.

Krismasi niko nyumbani. Nataka nilikute bawa limefungwa.

Mwanao,
Kahaso


Gongoni, 13 Desemba 2023

Kwako mama,

Salamu. Bawa limefungwa. Karibu nyumbani.

Babako,
Dena


Gongoni, 29 Januari 2024

Mwanangu Kahaso,

Umefika salama, nimefurahi. Salamu zangu leo ni hizo tu, maana hata ukiniamkia sina mdomo wa kukuitikia marahaba.

Nitasema moja kwa moja, la sivyo nitairarua hii kama nilivyorarua nne zilizotangulia.

Baada ya ile harusi sikupaka kitu. Nilirudi, nikaifunika ndege turubai, na siku ya tatu nikahamia Kakuyuni kwa Kambi. Nililima mwaka na miezi saba. Mahindi yale yalikuwa yangu. Barua zote za mbavu niliziandikia huko, juu ya meza ya Kambi, nikaandika Gongoni pale juu, nikazipeleka Malindi kama mtu mwaminifu. Nyumba, tangu mama yako atutoke, haina wa kuniuliza niko wapi.

Maneno ya Lewis yaliniingia. Kila nikishika drili nilisikia vile vicheko. Nikadhani nitapumzika mwezi mmoja. Kukuambia nimeacha kwa sababu ya mzaha wa harusini niliona haya, basi nikaandika ubavu mmoja, halafu wa pili. Uliponiambia unawasomea watu, nikaona nimekwama.

Ile barua yako ya Novemba, ya kuniambia nilifunge bawa, ilipofika nilirudi mbio. Mbavu zilikuwa tupu vile vile nilivyoziacha. Makopo yalikuwa chini ya mabati, pale pale ulipokataza, na tarehe ilikuwa imepita miezi tisa. Nilitaka kukupigia simu uniletee mengine. Nikaishika simu. Lakini nilikwisha kukuandikia kopo limekwisha, tena nimelisuuza. Ningeombaje rangi ambayo nimeshaipaka?

Nikafungua. Chini ilikuwa imeganda kama ugali wa jana. Nikaichokoa, nikaizidishia thina, nikachanganya na dawa yake, nikapaka mbavu kumi na mbili kwa siku nne. Nikafunga, nikapiga riveti, nikashukuru Mungu kwamba bawa halina dirisha.

Ukaja. Ukaligonga bawa kwa vidole, ukaliwekea sikio, ukasema, "Bawa lalia vizuri, baba." Jumapili ukanisimamisha kanisani, watu wakapiga makofi, nami nikasimama. Hilo ndilo linalonitafuna kuliko yote. Nilisimama.

Juzi nilikiokota kipande cha bati nilichokipaka siku moja na zile mbavu. Nilikibandika selotepu nikaivuta. Rangi yote ilitoka nayo, na chini yake bati limeshaanza kufanya unga mweupe. Hicho ndicho kilicho ndani ya bawa utakaloketi chini yake.

Usipande, mama. Mwambie Cherop asije. Mwambie mkaguzi ni mimi. Kukudanganya wewe nimemdanganya aliyenizaa, maana jina ni lake, na sina pa kuuweka uso wangu.

Dena


Lodwar, 20 Februari 2024

Baba,

Barua nimeipata. Cherop nimemwambia. Bwana Musyoka nimemwandikia mwenyewe, nikamtumia barua zako zote pamoja na hii ya mwisho.

Sikusema ni wewe peke yako. Nilitia sahihi mbavu ambazo sikuziona, na hilo ni kosa langu, leseni ni yangu. Kazini nimenyang'anywa muhuri kwa miezi sita. Nafanya kazi chini ya vijana niliowafundisha mimi, na kila nikifunga skrubu mtu anakuja kuangalia. Wakati wa chai waliniuliza kama kuna barua mpya ya baba. Nilitoka nje.

Krismasi ile ungeweza kuniambia. Nilikuwa hapo siku tisa.

Usiniandikie kwa sasa, isipokuwa ni kazi.

Kahaso


Gongoni, 3 Juni 2024

Kahaso,

Umesema kazi tu, kwa hiyo salamu nimezimeza. Hizi ni kurasa za kazi.

Aprili 11. Nimetoboa na kung'oa riveti arobaini za bawa la kushoto. Lewis alipita, akauliza, "Mzee, mbona wabomoa tena?" Nikamwambia nilipaka rangi iliyokufa, nikamwongopea mwanangu, mwanangu akaponzeka. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Aprili 27. Bawa limefunguka. Ubavu wa kwanza, rangi imetoka kwa kidole. Wa pili vivyo hivyo.

Mei 9. Leo sikufanya kitu. Nilikaa bandani tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikarudi ndani.

Mei 10. Nimesugua ubavu wa tatu na wa nne.

Mei 22. Ubavu wa saba nimeutupa, kutu nyeupe imeutoboa. Nitakata mwingine.

Mei 30. Mbavu kumi na moja ziko bati tupu, nimezitundika ndani ya nyumba, mbali na upepo wa chumvini. Nalala chini yake. Hazijapakwa. Praima sina, wala siombi.

Babako, kama bado,
Dena


Lodwar, 1 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Sijapoa. Nisingependa udhani nimepoa. Kuna siku naamka vizuri, halafu nakumbuka ule ukucha, na wenzangu wanavyopiga meza, na hasira inarudi upya. Lakini ningekuwa mwongo mimi nami nikisema sijatamani kukuona.

Wiki iliyopita nimerudishiwa muhuri.

Kwa Gladys kuna makopo mawili. Usiyafungue. Yaweke ndani, chini ya kitanda chako, mpaka nije mwenyewe Oktoba. Ubavu wa saba ukate kwa kipimo cha wa sita, halafu uniachie niupime. Tutapaka pamoja, na kila mmoja nitautazama kwa macho yangu kabla sijaushikia kalamu. Sitatia tena sahihi kitu nisichokiona, hata kiwe chako. Hasa kikiwa chako.

Kurasa zako nimezisoma mara nyingi. Zote nimeziweka bila sahihi, zinisubiri nije nione.

Ila mmoja. Ule ukurasa wa tarehe tisa Mei, ulioandika hukufanya kitu, nimeutia sahihi na muhuri leo asubuhi, huku huku, bila kuona.

Mwanao,
Kahaso