Salamu Ambazo Mwongozaji Hakuzikata

Mjukuu wangu, mume wangu Elia,

Huku Busunzu tu wazima, na shangazi yako amejifungua binti. Unauliza kama filamu ni mali ya mwongozaji, maana ndivyo mnavyofundishwa chuoni.

Miaka ya tisini walikuja watu kupiga filamu ya maji safi. Mimi na Mama Yosefu tukaambiwa tukutane kisimani, tusalimiane kidogo, kisha tuzungumzie kuchemsha maji. Kidogo! Sisi Waha? Tukaanza salamu yetu ya "mwidiwe" na makofi yake, tukaulizana watoto, mbuzi, maharage. Mwongozaji akapaza sauti, "Kata!" Tukaendelea. Ungemkatizaje mwenzio anayeuliza hali ya mama yako? Alirudia mpaka akachoka, akakaa chini akicheka.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye ukuta wa shule, salamu zetu zilikuwamo zote. Ya kuchemsha maji ndiyo aliyoyafupisha. Kijiji kizima kikauitikia ule ukuta, makofi kwa makofi.

Nadhani mwalimu wako hakosei. Filamu ilikuwa ya yule kijana mwongozaji, kwa kuwa angeweza kututoa na hakututoa. Ila Mama Yosefu asisikie, maana mpaka leo anaiita filamu yake.

Hapa napiga makofi. Itikia huko uliko.

Bibi yako,
Anastazia