Ng'ombe wa Robi

Nyansurura, 3 Machi 1975

Mdogo wangu Method,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, ila mguu wa shemeji yako bado unamsumbua. Wewe je, huko seminari mnashiba? Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la watu wazima limenifungua macho, kwa hiyo usidhani utanidanganya tena.

Baba anasema Julai unapewa upadri. Anasema pia hakanyagi huko mpaka mimi niseme neno. Method, niliolewa bado msichana mdogo, na ng'ombe wa mahari yangu wakaingia zizini kwetu Turwa ili wewe uoe. Kila nilipochoka hapa nilijiambia, mdogo wangu atakuwa na mji wake, yaani mke na boma, na watoto wake wataniita shangazi. Sasa huoi. Basi mimi niliolewa kwa ajili gani? Nakuuliza kwa uchungu.

Dada yako,
Robi


Seminari, 30 Machi 1975

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na ugali upo. Mpe shemeji pole.

Swali lako limeninyima usingizi. Kuhani hutwaliwa kati ya watu, asimame mbele za Mungu kwa ajili yao, na mkononi awe na sadaka. Mimi sadaka yangu ni mji ambao sitaujenga, na mji huo ni wako pia. Siwezi kuutoa peke yangu. Ukikataa, nitamwomba askofu anisubirishe. Watoto wa kukuita shangazi siwezi kukuahidi. Nina tumaini tu, kwamba Mungu hapokei cha mtu akakitupa.

Mdogo wako,
Method


Nyansurura, 22 Juni 1975

Mdogo wangu,

Salamu. Tu wazima, na shemeji yako sasa analima. Najua kimya changu kimekutesa. Nilitaka kikutese kidogo.

Habari za tumaini usinifundishe, mimi nimefuga. Mtamba akishika mimba, ndama hajaonekana, lakini nani mwenye akili atampeleka mnadani?

Nilikwenda Turwa nikasimama na baba zizini. Nikamwambia, "Method hakukosa ng'ombe wala mchumba. Vyote vilikuwepo, ameviacha. Watu wajue hivyo." Baba akamwita mama amtafutie koti lake la kwendea kanisani.

Nimemchagua yule mwekundu, mzao wa ng'ombe wa mahari yangu. Wakati wa sadaka nitamleta kanisani mwenyewe, kamba mkononi. Mzee Mseti wa parokia amesema kazi hiyo ni ya wanaume. Nikamuuliza, ng'ombe ni wa nani?

Usilie mbele za watu, ukoo wetu hauna tabia hiyo. Ukishawekewa mikono, njoo kwangu kwanza. Nitapiga magoti unibariki, maana upadri huo nimeutolea sadaka mimi pia, na najivunia. Kisha nitasimama, nawe utaniamkia shikamoo kama siku zote.

Dada yako mwenye ng'ombe,
Robi