Mahindi Mafupi ya Myamba

Jumanne, 6 Mei 2025
Droni ya kikundi chetu cha wakulima imevunjika. Nimeivunja mimi. Naandika hapa kwa sababu kule Myamba nimesema mengine.

Shamba la mlimani. Namba ya urefu kwenye rimoti inahesabu kuanzia pale uliporushia – ardhi ikipanda, namba inakudanganya. Nikaangalia mahindi kwenye kamera. Nimezoea ya kijiji cha Kifaru, yanayonipita kimo. Haya nikayaona madogo, nikajua niko juu mno. Nikashusha. Nikashusha tena. Kumbe mvua ilikata, mahindi yenyewe yananifika magotini!

Faustina alisimama juu ya shamba, kazi yake kuniangalizia. Akapiga kelele, "Baba Lea, pandisha! Iko chini!" Nikamjibu tangu lini ananifundisha kurusha. Puu! Kwenye tuta.

Mwenyekiti wa kikundi, Aminieli, akauliza ilikuwaje. Nikasema Faustina hakuniambia kitu.

Jumatano, 7 Mei
Faustina kasimamishwa kazi. Jana asubuhi, kabla sijarusha, alitaka kuchomeka fito shambani, zina vitambaa vyekundu, kila moja kimo chake kinajulikana – nipimie urefu kwa macho. Nikamwambia tunachelewa. Fito tu! Mjinga mimi.

Ijumaa, 9 Mei
Same, uwanjani, najaribu droni ya kuazima. Hakuna mti wala jiwe, vumbi tupu, macho hayashiki kitu. Mwangalizi mpya Samweli.
"Iko juu kiasi gani?"
"Sawa tu, mzee."
Nashusha. "Na sasa?"
"Sawa tu, mzee."
Inarusha vumbi – bado sawa tu! Nikamfokea. Akasema hataki yaliyompata Faustina. Nikazima.

Nikampigia Aminieli nimwambie ukweli. Hakunipa nafasi – akasema njoo Jumapili, anaandaa mnada wa sadaka.

Jumapili, 11 Mei
Myamba. Baada ya ibada, mnada nje ya kanisa, Aminieli ananadi jogoo. Nikaona niseme ukweli hapa hapa, mbele ya wote. Nikanyoosha mkono.
"Naomba..."
"Baba Lea kapanda dau!"
Vicheko, makofi. Sikusikika tena. Nikabebeshwa jogoo.

Faustina nyuma yangu. "Shikamoo, Baba Lea." Nikaitikia marahaba – kama mtu safi!
Akasema, "Mshike vizuri. Akiruka utasema sikukuambia."

Nimerudi nyumbani Same na jogoo. Mama Lea anauliza tumchinje. Nimesema subiri. Anawika jikoni, jua linazama, wala hanyamazi.